Ndoo ya Mulamula

Niling'oa mulamula kwa mikono yangu mwenyewe, saa moja asubuhi, nikiwa na akili timamu na chai tumboni. Naanza na hilo ili msomaji asije akanihurumia mapema.

Mtu asiye wa Buhaya atauliza, kwani kung'oa mmea kuna nini? Mulamula ni mmea wa mpakani. Una shina jembamba na majani marefu yaliyosimama juu kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi, na hauna kazi nyingine duniani. Hauliwi, haujengewi, hata mbuzi anaupita. Unapandwa pale kibanja changu kinapoishia na chako kinapoanzia, mbele ya mashahidi, na ukishapandwa umepandwa. Huku kwetu watu wamekatana kwa sababu ya mulamula mmoja uliosogezwa hatua moja. Mimi nilikata vichwa tisa, nikang'oa minne pamoja na mizizi yake, nikaitia yote kwenye kinu nikaitwanga.

Nilikuwa natengeneza dawa ya kuua mayai ya mbu.

Kibanja chenyewe kiko Kaagya, migomba na kahawa, na baba yangu amelala ndani yake upande wa juu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne wametawanyika Mwanza, Dodoma, Dar es Salaam. Mimi nimetawanyika kati ya jiko na kibaraza. Ndizi namenya mwenyewe, na namenya vizuri. Mke wangu alikuwa akiwaambia wanawake wenzake kisimani, "Huyu wangu akitumwa Bukoba mjini anaaga kama anakwenda vitani." Wanacheka, nami nasikia kutoka jikoni, kwa sababu ndiko niliko.

Tulipooana alibeba mimba ya kwanza, na mimba hiyo iliharibikia Muleba, kwao, alikokwenda kumzika shangazi yake. Malaria ilimkamata siku ya tatu ya msiba. Nilipofika nilikuta kitanda kinagonga ukuta kwa jinsi alivyokuwa akitetemeka. Alitapika mpaka nyongo ikaisha, akawa anatapika hewa. Alimng'ata mama yake mkononi akidhani ni mbwa. Mtoto alitoka wa miezi sita, wa kiume, hakulia. Nilichimba mimi shimo lake chini ya mgomba nyuma ya nyumba ya baba mkwe, na jembe liligonga jiwe mara nne, na kila lilipogonga mke wangu huko ndani alipiga kelele kana kwamba nampiga yeye.

Miaka miwili baadaye akabeba ya pili. Ilipofika mwezi wa saba aliniambia, akichambua maharage, bila kuinua macho: "Huyu nikimpoteza kwa mbu, sibebi mwingine. Utaoa mwenye tumbo la chuma."

Kwa hiyo sasa unajua nilichokuwa nakitafuta.

Chandarua tulikuwa nacho na tulilala humo bila kukosa. Lakini mbu wa kwetu hawasubiri watu walale. Jioni, mke wangu akiwa jikoni, walimshukia miguuni. Nilikaa nyuma yake na kanga mkononi nikiwapiga, na mara nyingi nilimpiga yeye. "Unaniua kabla ya mbu," alisema. Nilipompata mmoja aliyeshiba nilimsaga kwa kidole ukutani hadi damu ikachora mstari, na nakiri niliufurahia mstari ule. Ulikuwa damu ya mke wangu. Ukuta wa jiko ulijaa mistari hiyo mpaka mgeni mmoja akauliza kama tunachinja kuku humo ndani.

Walikokuwa wanatoka nilikujua. Jirani yangu wa upande wa chini, mwanaume anayenizidi miaka kama kumi, alikuwa amefyeka migomba pembeni kabisa ya mpaka wetu akachimba udongo wa matofali. Shimo lilikuwa na ukubwa wa chumba. Mvua za masika zikalijaza, jua likalipiga wazi bila kivuli, na yeye akawa anafyatua matofali yake taratibu, ishirini leo, kesho anapumzika. Nilimwendea mara ya kwanza kwa heshima.

"Jirani, shimo hili lina mbu. Lifukie, waitu, tafadhali."

"Nikilifukia, matofali nifyatulie kiganjani mwako?"

Mara ya pili nilimwambia habari ya mke wangu. Alisema nyumba yake imebakiza ukuta mmoja, nivumilie. Mara ya tatu aliniambia, "Wewe una wivu wa nyumba. Toka nje ufyatue yako." Nikarudi nyumbani nikamenya ndizi kwa hasira mpaka nikajikata.

Basi, tulipokwenda kliniki ya wajawazito pale zahanati, ambapo siku hizi mume anatakiwa aende naye, tulikuta muuguzi mmoja, binti mdogo mwenye sauti ya mwalimu mkuu, anafundisha habari ya maji yaliyotuama. Alileta maji kwenye bakuli jeupe. Akatuambia tuangalie. Juu ya maji palikuwa na vijeusi vidogo mno, kila kimoja peke yake, kama unga wa kahawa uliomwagika. "Hayo ndiyo mayai ya mbu wa malaria," alisema. "Baada ya siku mbili tatu yanakuwa viluwiluwi. Baada ya wiki na siku kadhaa, wako kwenye shingo yako."

Akaeleza kwamba kuna mimea ambayo maji yake huzuia mayai hayo yasianguliwe, na yakianguliwa, viluwiluwi havikui. Alitaja mwarobaini: majani yakaushwe kivulini, yatwangwe, yalowekwe siku nzima na usiku wake, yachujwe, yamwagwe, na kila wiki urudie. Alitaja na utupa, ule ambao wazee walikuwa wakilevya nao samaki, akatukataza tusiuguse, kwa sababu unaua samaki na haufai karibu na maji ya kunywa. Akasisitiza kwamba hayo yote hayachukui nafasi ya chandarua wala vidonge. Akasema tuandike.

Wote waliandika. Mimi sikuandika. Mtu wa kidato cha nne aandike majina ya majani? Nikamwonyesha kichwa changu kwa kidole. Yule binti akanitazama akasema, "Haya, baba, tunza hapo hapo."

Sasa, mwarobaini kwetu Kaagya hauko. Niliambiwa upo uani kwa bibi mmoja Rwamishenye, mjini. Yaani nipande bodaboda, nishuke, niulize, niombe, nirudi na gunia la majani mgongoni. Nililala na wazo hilo siku nne likanichosha. Siku ya tano, nikiwa nimekaa kibarazani, macho yangu yalitua kwenye mulamula. Nikafikiri hivi, na nitayaandika mawazo yangu yote ili yasipotee: mmea huu mbuzi hali, panzi hali, mchwa hali. Kwa nini? Una sumu. Kisha uko hatua kumi na tano kutoka mlangoni.

Ndivyo nilivyofikiri. Wala sikuwa nimelewa.

Asubuhi ile mke wangu alikuwa jikoni. Nilibeba kinu na mchi na ndoo mpaka mpakani, maana kubeba majani mpaka nyumbani halafu kurudisha dawa mpaka shimoni niliona ni kazi mara mbili. Nikakata vichwa. Mashina yalikatika vizuri, kwa sauti ya shingo ya kuku. Ile minne ya mwisho niliing'oa, kwa sababu nilidhani nakumbuka yule binti alisema mizizi ndiyo yenye nguvu. Hakusema. Nikatwanga. Utomvu ukanirukia usoni nikafurahi, nikasema kumbe kweli ni kali. Nilikuwa nawaambia mbu maneno ambayo sitayaandika. Nilitwanga kama mtu anayemtwanga adui yake, nikachanganya na maji, sikuloweka hata dakika moja, nikajaza ndoo, nikamwaga nusu kwenye shimo la jirani.

Ndipo akatokea. Alikuwa anatoka kupunguza majani makavu kwenye migomba yake na muhoro begani, ule upanga wetu wenye mpini mrefu na ncha iliyopinda. Kila mwanaume huku anatembea nao, hiyo haikuwa shari.

"Unamwaga nini kwenye shimo langu?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Ya mayai ya mbu."

Alichungulia ndani ya kinu. Akaokota jani moja, akalinyoosha kati ya vidole. Kisha akageuka kuutazama mpaka. Pale ambapo tangu utoto wetu kulikuwa na mstari, palikuwa na visiki tisa vinavyotoa maji na mashimo manne.

"Baba yangu na baba yako waliupanda huu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Nilikuwepo. Ndimi niliyewamiminia maji ya kunawa."

"Utachipua," nikamjibu.

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi kuliko maneno yote niliyowahi kusema, pamoja na yale ya kuposea. *Utachipua.* Na yeye alikuwa na kila sababu ya kuona anachoona: jirani aliyemchukia kwa ajili ya shimo amefuta mpaka asubuhi asubuhi na anamwaga majimaji ya kijani kwenye udongo wa nyumba yake. Wizi wa ardhi na uchawi, vyote ndani ya ndoo moja.

Ningependa kusema yeye alianza. Yeye alianza na kinu. Alikipiga muhoro kikapasuka ukingo. Mimi ndiye niliyeanza na mtu. Mchi ulikuwa mkononi, nikauzungusha, ukampata mdomoni. Nilisikia kitu kikivunjika kama miwa. Alipiga magoti, akatema, na meno matatu yakaanguka kwenye tope la matofali, meupe, safi, ya mtu ambaye hakuwahi kuumwa jino. Aliyatazama. Mimi nami niliyatazama. Tungeweza kuishia pale.

Aliinuka kutoka magotini moja kwa moja na muhoro. Nikainua mkono wa kushoto kujikinga, kama mtoto anayekinga kofi. Sikusikia maumivu kwanza, nilisikia baridi. Kidole cha mwisho kilirukia shimoni, na nadhani bado kimo. Cha pete kilibaki kikining'inia kwa ngozi. Nilipiga yowe, nikashika mchi kwa mkono mmoja nikawa napiga ovyo, begani, shingoni, hewani, naye ananikata na mimi narudi nyuma, damu inaniingia kwenye mkono wa shati, na ninachokumbuka zaidi ni kwamba alikuwa analia huku anakata. Mdomo umejaa damu, analia.

Mtu akanishika kwa nyuma, kwenye shati. Nilidhani ni mke wake, au ndugu yake. Nikarudisha kiwiko na kitako cha mchi kwa nguvu zangu zote.

Kikaingia kwenye kitu laini.

Alikuwa mke wangu. Alikuwa amekimbia kutoka jikoni na mwiko mkononi, wenye uji. Alikaa chini polepole juu ya matofali mabichi, yakabonyea chini yake, akashika tumbo kwa mikono miwili, akaniangalia. Halafu nguo yake ikaanza kulowa.

Mimi ndiye niliyempiga. Jirani alikuwa upande wa pili wa shimo, hatua nne kutoka kwake.

Mayowe ya mke wa jirani ndiyo yaliyoleta watu. Nakumbuka nimesimama tu. Jirani alitupa muhoro kwenye maji. Alikwenda kwenye kibanda chake cha matofali, akang'oa nguzo mbili, akaondoa blanketi lililofunika matofali yake yasipigwe na jua, akafunga machela, yote hayo damu inamtiririka kidevuni. Akasema kwa waliofika, "Shika hapo. Wewe hapo." Maneno yalitoka mabovu kwa ajili ya meno. Kwangu mimi alisema, "Funga mkono. Tembea." Akashika mti wa mbele yeye mwenyewe, na tukaenda hivyo katikati ya migomba, yeye mbele, mke wangu juu akiuma kanga, mimi nyuma nikishikilia kidole changu kisidondoke.

Zahanati tulimkuta yule yule binti. Alimlaza mke wangu, akamshughulikia, akapiga simu kuita gari la kutupeleka hospitali ya Bukoba. Alipofika kwangu na bandeji aliuliza tulikuwa tunagombea nini. Nikamweleza. Aliacha kufunga.

"Mulamula?"

"Ndiyo."

"Si wewe uliyekataa kuandika?"

Akakaza fundo la bandeji nikaona nyota saa nne asubuhi.

Hospitali walisema mtoto bado anapiga moyo, lakini mama asiinuke kitandani. Mimi walinikata kile kidole kilichoning'inia. Kesho yake shemeji zangu watatu wakafika kutoka Muleba. Walimkuta dada yao amelala, amegeukia ukuta. Wakanitoa nje kwenye korido.

"Nani kampiga dada yetu tumboni?"

Nilikuwa na bandeji hadi kwenye kiwiko na damu ya watu wawili kwenye suruali. Nilichohitaji ni neno moja. Nikatazama sakafu, nikasema, "Tulikuwa tunapigana na jirani." Sikudanganya. Nilichofanya ni kibaya kuliko kudanganya: niliwaachia wamalizie wenyewe.

Walikwenda Kaagya mchana huo huo. Walimkuta jirani ameketi mlangoni anakunywa uji kwa mrija kwa ajili ya mdomo. Walimvuta uani mbele ya mke wake, wakampiga kwa fimbo na kwa viatu mpaka akanyamaza. Kisha wakaingia kwenye kibanja wakafyeka migomba thelathini na zaidi, mingine ina mikungu mizito iliyobakiza wiki moja tu kukatwa, wakaiacha imelala kama watu. Anayejua Buhaya anajua ni nini kufyeka mgomba wenye mkungu. Ni afadhali umtukane mtu mama yake kanisani.

Na jirani, hata alipokuwa anapigwa, hakusema ni nani aliyempiga mwanamke yule. Alikuwa ameona. Alikuwa anatazama moja kwa moja.

Habari zilipofika hospitali kwamba ukoo wa jirani unaninolea mihoro, unasubiri nitoke tu, mke wangu aligeuka kutoka ukutani kwa mara ya kwanza.

"Umewaambia kaka zangu nini?"

"Sikuwaambia kitu."

"Ndiyo. Hukuwaambia kitu." Alipumua, mkono juu ya tumbo. "Mtoto huyu akitoka salama, mtu wa kwanza kumbeba alikuwa jirani yule, na ulimpelekea watu wakamvunja mbavu. Nenda kaseme. Usiposema, mimi nitashuka kitandani hapa nitembee mpaka Kaagya nikaseme mwenyewe, na kitakachotoka njiani kitatoka."

Nilikwenda. Mimi, ambaye mjini nilikuwa nakwenda kwa kuaga, nilipanda bodaboda kwa mkono mmoja nikaenda mahali ambapo watu walikuwa wananisubiri na mihoro.

Kikao kilifanyika uani kwa mwenyekiti wa kitongoji. Jirani aliletwa amefungwa kifua kwa shuka. Ndugu zake walisimama nyuma yake, na mmoja alikuwa akipangusa muhoro wake kwa jani la mgomba, akiupangusa upande mmoja tu, tena na tena. Mashtaka yalikuwa mawili: nimefuta mpaka, na nimeloga shimo. Kidhibiti kilikuwa ndoo yangu. Waliihifadhi wiki nzima tangu siku ile, na nusu ya dawa ndani yake, imefunikwa kwa karai na jiwe juu, na karai halikuwa limekaa vizuri. Hakuna aliyethubutu kuigusa isipokuwa kwa kijiti.

"Sema hii ni nini," mwenyekiti aliniambia.

"Dawa ya kuua mayai ya mbu."

"Umefundishwa na nani?"

"Na kichwa changu."

Mwenyekiti alivaa miwani, akaondoa karai, akainama juu ya ndoo. Akakaa hivyo muda mrefu. Ndugu wa jirani wakarudi nyuma hatua moja. Kisha mabega ya mwenyekiti yakaanza kutikisika, nikadhani uchawi umemwingia kweli.

"Njooni muone," alisema. "Njooni, waitu, msiogope."

Ndani ya ndoo, kwenye maji yale ya kijani, mlikuwa na viluwiluwi. Si viwili, si vitatu. Vilikuwa vinajipinda na kushuka na kupanda, vina afya, vimenenepa, inaonekana mulamula umevipendeza.

"Mchawi gani," mwenyekiti aliuliza, akipangusa machozi, "ambaye dawa yake inafuga?"

Uwanja mzima ulicheka. Mwenye muhoro alicheka mpaka akauweka chini ajishike magoti. Jirani peke yake hakucheka. Alijaribu, akashika mbavu, akanuna. Mimi nilitazama vile viluwiluwi nikafikiria vidole vyangu viwili, na meno yake matatu, na migomba ile, na mtoto wangu anayepiga moyo chini ya shuka la hospitali akisubiri kujua kama atatoka. Yote hayo kwa ajili ya maji ambayo mbu wenyewe waliyaona ni mahali pazuri pa kulelea watoto.

Nikasimama kabla kicheko hakijaisha, kwa kuwa nilijua kikiisha sitaweza.

"Aliyempiga mke wangu ni mimi," nikasema. "Kwa kiwiko na mchi. Jirani hakumgusa. Shemeji zangu wamempiga bure, na ni kwa sababu nilinyamaza."

Kicheko kilikatika. Yule ndugu aliinama akauokota muhoro wake. Alinijia, na sikukimbia, si kwa ushujaa. Miguu haikunipa ruhusa. Alinipiga kwa ubapa wa muhoro, shavuni, mara moja, nikaanguka juu ya ndoo, ndoo ikapinduka, nikalowa dawa yangu na viluwiluwi vyangu. Alitaka kuongeza. Jirani akasema kutoka kwenye kiti chake, kwa ule mdomo wake, "Inatosha. Amelowa."

Hukumu ilikuwa hivi: migomba yake nimpandie mimi, machipukizi kutoka kibanja changu, na mpaka tuupande upya wote wawili. Shimo litabaki mpaka ukuta wake uishe, lakini mbu ni kazi yangu, na kwa dawa ya kweli.

Tuliupanda mulamula wiki iliyofuata. Kwa desturi mnashika shina moja pamoja, mnalisimamisha, na kila mmoja anakanyaga udongo kwa mguu wake upande wake. Mimi nilikuwa na vidole vitatu upande mmoja na yeye hakuweza kuinama, kwa hiyo kila mche tuliushika tukiwa tumeegemeana kama walevi. Kumi na tatu. Mashahidi walihesabu kwa sauti na kunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, na mmoja akauliza kama safari hii niutwange kabisa nimalize au nisubiri uote.

Rwamishenye nilikwenda. Kila wiki. Bibi mwenye mwarobaini, Mwislamu wa watu, kanga kichwani, alinipokea mara ya kwanza akautazama mkono wangu.

"Vidole vimeliwa na nini, mwanangu?"

"Mbu, bibi."

"Subhana'llah. Chukua majani mengi."

Nilikausha kivulini, nikatwanga, nikaloweka siku nzima na usiku wake, nikachuja, safari hii kutoka kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu mwenyewe, niliyoandika nikisomewa na yule binti wa zahanati huku amesimama juu yangu. Nikachota kwanza mayai, nikayatia kwenye kopo la dawa. Siku tatu vijeusi vilibaki vijeusi. Katika kopo la maji matupu pembeni yake vilikwisha kuanguliwa. Niliyachungulia yale mayai yaliyokufa kila asubuhi, na sikuona ile furaha ya mistari ya ukutani. Nilimwaga dawa shimoni, nikarudi ndani.

Mke wangu alijifungua mwezi wa nane ukielekea kwisha, msichana, mdogo kama mkono wa ndizi, na alama nyekundu ubavuni ambayo wauguzi walisema itafutika na mimi naiangalia kila siku kama imefutika. Alilia tangu mlangoni mwa dunia hajanyamaza. Kaka zake mke wangu walikuja kumwona. Hawakunisalimia, lakini waliteremka wakamsaidia jirani kusimamisha ukuta wake, siku mbili, bila mtu kusema kwa nini.

Siku tuliyomrudisha mtoto nyumbani jirani alipanda kutoka upande wa chini, akapita kwa kuzunguka mulamula mchanga, si juu yake. Mke wangu alimpa mtoto kabla hajaomba. Alimshika vizuri, akiuepusha ule ubavu wake mbovu. Nilikuwa kibarazani namenya ndizi kwa vidole vyangu vitatu vya kushoto, nikajipa moyo nikamwambia kwamba kesho nitashuka kumwaga dawa, na nikiwa huko nitamsaidia na paa.

Hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia mtoto, na pengo lake la meno matatu lilionekana lote.

"Dawa nitamwaga mimi. Wewe, jirani, kaa ndani. Kila ukitoka kufanya kazi, watu wanaumia."